Faili zaidi ya 2 MB haziingii: nichague chombo gani cha kupakia?

Swali: Nina steshenari Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Wanafunzi wananitumia kazi za kuprinti kwa WhatsApp, wengine wanakuja na flashi. Simu imejaa, kazi zinachanganyika, na mwezi uliopita niliprinti risechi ya mtu mara mbili nikaisahau ya mwenzake. Kijana aliyenitengenezea tovuti (ni ya PHP, iko kwenye seva ya kukodi kwa mwaka) aliweka sehemu ya kupakia faili, lakini kazi ikizidi 2 MB haiingii. Sasa anasema nichague kati ya Dropzone, FilePond na Uppy, vyombo vya kupakia faili kwenye tovuti, ili abadilishe. Rafiki yangu anasema niachane na zote, nilipie huduma ya nje kwa mwezi. Nichague ipi?

Jibu: Dada yangu, shikilia kwanza hela yako. Mwambie huyo kijana aingie kwenye mipangilio ya PHP, lugha iliyoandikiwa tovuti yako, kwenye seva mnayokodi, atafute mstari ulioandikwa upload_max_filesize. Kwa dalili ulizoeleza, atakuta 2M. Hivyo ndivyo PHP inavyokuja isipoguswa: faili moja isizidi 2 MB, na fomu nzima, kwenye mstari wa post_max_size, isizidi 8 MB. Fomu ya kawaida ikiwekewa Dropzone juu ya mipangilio hiyo, itagota palepale. Ikiwekewa Uppy, palepale. Mlango umekwama kitasa, nawe unaulizwa rangi ya kuupaka.

Hiyo 8 MB ina vituko vyake, nikueleze maana vitakupata. Faili ikizidi 2 MB, PHP inasema wazi kwamba kosa ni ukubwa. Fomu ikizidi 8 MB, PHP inatupa kila kitu: faili, jina, namba ya simu, idadi ya kopi. Msimbo wa tovuti ukija kuisoma fomu unaikuta tupu, basi unamrudishia mteja maandishi mekundu, "Tafadhali jaza jina lako." Mwanafunzi amejaza jina mara tatu, bando linakata, na wewe unapigiwa simu kwamba tovuti yako ina wazimu. Tena mbele ya PHP huwa kuna mlinzi mwingine. Seva zinazotumia Nginx, programu inayopokea wageni wa tovuti, zinazuia chochote kinachozidi 1 MB mpaka mwenye seva aongeze mwenyewe, na mteja anaona namba 413 tu, bila maelezo. Hiyo ni milango mitatu, na mwembamba kuliko yote ndio unaoamua.

Akiipanua yote hadi 64 MB, mmemaliza? Kwa mtu aliye ofisini Mtumba kwenye faiba, naam. Wateja wako si hao. Wako hosteli saa tano usiku, simu ina vijiti viwili vya mtandao, na ripoti ya fild inatakiwa kesho saa tatu asubuhi.

Namna ya kupeleka faili kupitia fomu ya tovuti ilipendekezwa mwaka 1995 na watu wawili wa kampuni ya Xerox, Ernesto Nebel na Larry Masinter. Mpaka leo fomu ya kawaida inafanya hivyohivyo: inafunga kila kitu kwenye furushi moja na kulisukuma kwa mkupuo. Mtandao ukikatika furushi limefika asilimia 90, zote 90 zimekwenda na maji, unaanza upya. Chukua risechi ya 20 MB, yenye madodoso yaliyoskaniwa na picha za mashamba ya mpunga ya Bahi. Simu ikipandisha megabiti 1 kwa sekunde, 20 MB ni megabiti 160 (baiti moja ni biti nane), yaani sekunde 160. Dakika mbili na sekunde arobaini bila mtandao kuyumba hata mara moja. Nani atakuhakikishia hizo dakika usiku ambao hosteli nzima iko mtandaoni? Akikatikiwa mara tatu karibu na mwisho, anakaribia kuchoma 60 MB za bando, na kwako haijatoka hata karatasi moja.

Ndiyo maana chombo chochote cha kupakia nakipima kwa swali moja: mtandao ukikatika katikati, kinafanya nini? Mapambo, rangi, vipicha vya kuzunguka, hivyo baadaye. Mimi navipimia kwenye treni ya SGR nikirudi Dodoma kutoka Dar. Ukishapita Morogoro kuna mahandaki ya Kilosa, na mle simu inapoteza mtandao. Naanza kupakia faili ya 30 MB kabla ya handaki, kisha natulia. Vingine tukitoka upande wa pili vimeshaonyesha alama nyekundu na kukaa kimya. Vingine vinangoja, vinauliza seva "umepokea hadi wapi?", vinaendelea. Hivyo vya pili ndivyo unavyovitafuta.

Siri yao ni kukata faili vipande. Badala ya furushi moja la 20 MB, kivinjari kinapeleka vipande 20 vya 1 MB, kimoja kimoja, na seva inaviunga upande wake. Kipande cha 17 kikikatika, 16 vya kwanza viko salama. Kinarudiwa hicho kimoja, na kwa ile kasi ya megabiti 1 ni sekunde 8 tu. Na kuna faida ya bure hapa ambayo nadhani kijana wako hajaiona: kila kipande kikiwa chini ya 1 MB, hata ile milango mitatu haina shida nacho. Faili ya 40 MB inaingia kwenye seva yenye kikomo cha 2 MB bila kumpigia simu mwenye seva. Aandike ukubwa wa kipande baiti 1,000,000, maana 1 MB ya Nginx ni baiti 1,048,576, kwa hiyo kinapita na nafasi kidogo inabaki.

Sasa tuje kwenye hivyo vitatu. Vyote ni vya bure, vyote vina leseni ya MIT, kwa hiyo hakuna atakayekuja kukudai. Vyote vinajua kukata vipande. Tofauti iko kwenye kile vinachodai upande wa seva, na seva yako ni ya kukodi, mnagawana na tovuti nyingine nyingi, huna ruhusa ya kuweka humo programu unayotaka.

Uppy ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Waliotengeneza ni Transloadit, haohao walioanzisha tus, utaratibu wa wazi wa kupakia faili kwa kuendelea pale ulipoishia. Ikiunganishwa na tus, mwanafunzi anaweza kufunga simu, kulala, akafungua asubuhi na kuchagua faili ileile, nayo ikaendelea kutoka ilipokuwa. Uzuri huo una bei yake. Programu ya seva wanayoitoa wenyewe, tusd, imeandikwa kwa lugha ya Go na inatakiwa iwe inakimbia muda wote, jambo ambalo seva za kugawana kwa kawaida haziruhusu. Zipo njia za kuifanya kwa PHP, ila kwa kazi yako naona ni kuchukua lori la tani kumi kwenda kununua mchicha Sabasaba. Na Uppy yenyewe ni nzito. Mteja anaipakua kwa bando lake kabla hajapeleka chochote.

Mimi ningekuwekea FilePond. Kwanza, ile kazi ya kukata vipande ndani yake inafanana sana na tus: inaomba namba ya faili kutoka seva, inapeleka vipande, na ikikatikiwa inauliza seva imepokea baiti ngapi kabla ya kuendelea. Upande wa seva ni msimbo mfupi wa PHP, na seva yako hiyo inautosha. Pili, inaanza kupakia mara tu faili inapochaguliwa. Mwanafunzi anapojaza kopi ngapi, rangi au nyeusi, spairo au kava gumu, faili tayari iko njiani. Akifika kwenye kitufe cha kutuma, mara nyingi imeshafika, na fomu inabeba namba ya faili tu. Kwa macho ya mteja tovuti yako ni ya haraka, ingawa mtandao ni uleule.

Ila uangalifu wa aina mbili. FilePond ikija, kukata vipande kumezimwa. Lazima kijana aandike chunkUploads na kuiwasha, la sivyo umepata fomu ile ile yenye sura nzuri. Na vipande vyake vinasafiri kwa ombi la aina ya PATCH, ambalo baadhi ya seva za kukodi zinaliziba kwa usalama wao. Nimewahi kupoteza siku nzima kwa hilo. Kila kitu kwenye kompyuta yangu kilikwenda sawa, nikakihamishia kwenye seva ya mteja mmoja hapa mjini, kipande cha kwanza tu kikarudishwa na namba 403. Nilikagua msimbo wangu hadi jioni, kumbe mlango wa seva haumjui mgeni anayeitwa PATCH. Basi jambo la kwanza ni kuwauliza wenye seva: mnaruhusu PATCH? Wakisema ndiyo, FilePond. Wakisema hapana na hawataki kufungua, chukua Dropzone, ambayo vipande vyake vinakwenda kwa ombi la kawaida la POST. Kuviunga kwenye seva itakuwa kazi ya kijana mwenyewe, na mteja akifunga ukurasa anaanza upya, lakini ndani ya ukurasa inarudia kipande kilichokwama, mradi awashe chunking na retryChunks. Si mbaya hata kidogo.

Usisisimkie ile sehemu ya kuburuta faili na kuiachia ndani ya kisanduku. Nimeona watengenezaji wengi wakiiuza kama ndiyo chombo chenyewe. Kwenye simu hakuna anayeburuta kitu. Wateja wako wanahitaji kitufe kikubwa kilichoandikwa Kiswahili, "Bonyeza hapa uchague kazi yako", na FilePond inakuruhusu kubadilisha kila neno lake. Waandikieni pia makosa kwa lugha ya watu: "Mtandao umekatika, subiri kidogo tunaendelea" inamzuia mtu asifunge ukurasa kwa hasira.

Nikuongezee kitu kimoja ambacho hukuuliza. Kuna programu ya Mozilla inaitwa PDF.js, ndiyo inayofungua PDF ndani ya Firefox. Kijana anaweza kuitumia kuhesabu kurasa ndani ya simu ya mteja, hata kabla faili haijaondoka. Mwanafunzi anachagua PDF, palepale anaona: kurasa 84, kopi 3, jumla ya bei yako. Ubishi wa kaunta unapungua nusu. Kwa faili za Word haiwezekani hivyo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwaomba watu walete PDF. Sababu ya kwanza unaijua vizuri kuliko mimi: risechi ya Word iliyopangwa kwenye kompyuta yenye fonti fulani, ukiifungua kwenye yako isiyo nazo, jedwali linaruka ukurasa, namba za yaliyomo hazilingani, halafu lawama ni za steshenari.

Hapa chini ndipo nataka kijana wako asome mara mbili, maana kuruhusu mtu usiyemjua aweke faili kwenye seva yako ni kumpa ufunguo wa stoo. Asipokuwa mwangalifu, mtu ataleta faili la PHP lenye jina la kitabu, atalifungua kwa anwani yake, na kuanzia hapo tovuti ni yake. Mwaka 2018 ilibainika kwamba kifaa maarufu sana cha kupakia faili, jQuery File Upload, kilikuwa na tundu la aina hiyohiyo. Kilitegemea faili dogo la .htaccess kuzuia msimbo usiendeshwe ndani ya folda ya faili zilizopakiwa. Apache, programu inayoendesha seva nyingi za tovuti, kuanzia toleo la 2.3.9 la mwaka 2010, iliacha kuyasikiliza mafaili hayo mpaka mwenye seva aruhusu. Kwa miaka minane tovuti nyingi zilikuwa zimelindwa na bawabu aliyekwishaondoka. Mwenye kifaa alikirekebisha haraka, lakini nakala zilizokuwa zimesambaa hazikujirekebisha zenyewe.

Kwa hiyo folda ya kazi za wateja ikae nje ya public_html kabisa, mahali ambapo hakuna anwani ya tovuti inayofika. Jina alilokuja nalo mteja liandikwe kwenye daftari la data tu; faili lenyewe lipewe jina la herufi na namba za kubahatisha. Msiamini kiambishi cha mwisho wa jina, PHP ina finfo inayochungulia ndani ya faili: PDF halisi inaanza na alama %PDF, hata ikiitwa jina gani. Ruhusuni PDF, docx na picha za JPEG na PNG, basi. Mwenye zip akupigie simu. Na docm, ile Word yenye makro, yaani amri zinazoweza kujiendesha, ikataliwe kabisa. Umekwishateseka vya kutosha na flashi zinazogeuza mafolda yote kuwa shotikati.

Hilo la majina ya kubahatisha lina sababu nyingine. Nimeona steshenari moja ambayo tovuti yake ilihifadhi kazi kama kazi101.pdf, kazi102.pdf, na kuendelea. Ukipewa kiungo cha kazi yako, unabadilisha namba ya mwisho unasoma ya jirani. Fikiria watu wanakuletea nini: risechi ambayo haijawasilishwa, vyeti vya kidato cha nne, nakala za kitambulisho cha NIDA, wasifu wenye namba za simu za wadhamini. Hizo ni taarifa binafsi, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na asikae nazo kuliko kazi inavyohitaji. Wewe kazi yako inahitaji siku mbili. Kijana aweke kazi ya ratiba kwenye seva, kila usiku ifute chochote chenye zaidi ya saa 48, na uandike hivyo chini ya kitufe. Utashangaa hata nafasi ya seva itakavyokutosha.

Huduma za kulipia alizosema rafiki yako, mfano Uploadcare, Filestack au Cloudinary, ni kazi nzuri za watu makini. Cloudinary kwa mfano ningempendekezea mtu mwenye duka la picha nyingi, zinazotakiwa kupunguzwa ukubwa kwa njia kumi. Wewe unapokea PDF, unaprinti, unafuta. Ungelipa kwa dola, kwa kadi, mwezi wa masomo na mwezi wa likizo vilevile, wakati Chimwaga yote iko kimya. Na vyeti vya watu vingekwenda kukaa kwenye kompyuta za nje ya nchi, jambo ambalo sheria hiyohiyo ina masharti nalo. Kama siku moja mtafungua matawi matano, turudi hapa tuzungumze.

Akishamaliza kuweka, msimlipe salio kabla ya jaribio hili. Chukua simu ya bei ya chini aliyonayo mtu yeyote hapo dukani, si yako mpya. Tumia data ya simu, zima WiFi ya duka. Chagua PDF ya 25 MB, anza kupakia, ikifika katikati weka simu kwenye hali ya ndege, hesabu hadi thelathini, ondoa. Ikiendelea kutoka ilipokuwa, hata kama ni baada ya kubonyeza kitufe cha kujaribu tena, kijana kafanya kazi. Ikianza sifuri, chunkUploads haijawashwa au seva haijibu ilipoishia. Kisha badilisha jina la faili la maandishi liwe risechi.pdf na ulipakie. Likikubaliwa, hajachungulia ndani.

WhatsApp usiikate. Wanafunzi wamezoea, na asubuhi ya mwisho wa kuwasilisha hakuna anayetaka kujifunza njia mpya. Weka ujumbe wa kujijibu wenye kiungo cha ukurasa wa kupakia na neno moja, kwamba kazi za tovuti zinaanza kuprintiwa kwanza. Bandika kiungo hichohicho kama QR ukutani, karibu na mashine ya fotokopi, wanapopanga foleni.